Fungu la Bwana Tressider

Tulimwacha Bwana Tressider ameinama. Wiki nzima mmeniandikia mkiniuliza kama aliwachukua wale samaki au aliwaacha. Aliwachukua. Tena kwa mikono miwili, na akatabasamu.

Aliyekuwa safarini na ndiyo kwanza anashika gazeti hili, namfupishia. Kisiwa chetu ni Nukufala, watu mia mbili na kidogo, minazi isiyo na idadi, na mwamba uliokizunguka pande zote wenye mlango mmoja tu wa kutokea baharini. Nchi mbili zinakigombania. Moja iko mwendo wa siku tano kwa meli, nyingine mwendo wa siku tisa, na Wanukufala, wasiopenda kuchosha ulimi, wamezipa majina hayo hayo: Siku Tano na Siku Tisa. Siku Tano imemtuma Bwana Tressider. Siku Tisa imemtuma Bi Haldane. Wamekuja pamoja kwa meli ya kukodi ya nchi ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuonekana akishuka kutoka meli ya mwenzake.

Na Lepaio je? Huyo ndiye mtu wetu. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye mwita mafungu wa kisiwa, na kwa miezi kumi na moja analala peke yake. Mkewe Meleka alipelekwa Siku Tano kukatwa uvimbe wa koo, akapona, akakosa meli ya kumrudisha. Ugomvi ulikuwa umepamba moto. Nchi mbili zinazokipenda kisiwa hadi kutaka kutoana macho zilikuwa hazithubutu kukipelekea hata kiberiti, moja ikiogopa nyingine isije ikanuna. Lepaio hana habari na bendera wala mipaka. Anamtaka mkewe nyumbani, basi.

Sasa turudi uwanjani, mbele ya kanisa, Jumatatu saa sita mchana.

Jodari wote waliovuliwa asubuhi walikuwa wamepangwa juu ya makuti, fungu kwa fungu. Lepaio alikuwa akiita jina, mwenye jina anakuja, anainama, anachukua, anakwenda zake. Kila aliyelala kisiwani usiku uliopita ana fungu, hata kichanga cha siku mbili, na mzaliwa anayerudi kutoka safarini huitwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana aliita jina la Bwana Tressider. Hakuwa na hila yoyote. Mgeni amelala Nukufala, mgeni ana tumbo, mgeni ameitwa. Kwamba mtu anaweza kulala kisiwani asiitwe, jambo hilo halikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwa Lepaio.

Mbona Bi Haldane hakuitwa? Alijitakia mwenyewe. Siku ya kwanza tu aliyotua aliliandikia baraza la wazee kwamba serikali yake haipokei zawadi kwenye ardhi ambayo tayari ni yake. Wazee waliisoma barua, wakaitia sandukuni, wakamwondoa kwenye hesabu. Tangu hapo mama wa watu alikuwa akila nyama ya kopo peke yake kibarazani, huku akinusa jodari wa jirani. Wanawake walikwisha kumbatiza Mama Kopo.

Bwana Tressider yeye hakuandika kitu. Na Nukufala asiyekataa huhesabiwa ana njaa.

Lakini njaa haikuwa shida yake. Kabla ya kuinama alivua kamera shingoni akamkabidhi aliyekuwa karibu ampige picha, na aliyekuwa karibu alikuwa Bi Haldane. Kwa adabu alizolelewa nazo, akampiga. Alimpiga picha tatu nzuri sana. Kwenye ya tatu ndipo alipong'amua anachopiga.

"Asante," alisema Bwana Tressider, samaki mkononi. "Wenyeji wameitambua serikali yangu mbele ya macho yako, na ushahidi umeupiga wewe mwenyewe."

"Wamekupa samaki kwa sababu una mdomo," alijibu Bi Haldane, akaanza kutafuta namna ya kuzifuta picha zile. Kamera ilimshinda.

Wakabishana robo saa nzima juani, kisha wote wawili wakamgeukia Lepaio wamuulize alipoita jina lile alikuwa na maana gani. Lepaio akasema alikuwa amehesabu vichwa. Bwana Tressider akaandika jibu hilo kwenye daftari lake kwa furaha. Bi Haldane naye akaliandika kwenye lake kwa furaha. Lepaio akabaki akijiuliza amesema nini.

Hapo ndipo Mzee Salesio, mkuu wa baraza, alipojikongoja hadi alipo mgeni. Mzee huyu ana sauti ndogo. Akizungumza watu huacha kutafuna ili wamsikie.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alimwambia Bwana Tressider. "Kesho tunaezeka paa la jumba la mikutano. Wewe utakuwa na wabeba makuti."

Bwana Tressider alicheka. Akatazama kulia na kushoto kuona nani mwingine anacheka.

Akaelezwa taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa nyumbani aliyekulia ugenini. Aliyechukua fungu la leo ni mtu wa kisiwa mpaka mgawo ujao. Mtu wa kisiwa yuko chini ya baraza: akiambiwa beba, anabeba, akiambiwa subiri, havuki mlango wa mwamba. Anayetaka kusafiri huliacha fungu lake chini siku ya mgawo, watu wakaona, wakaanza kumkusanyia nazi za njiani. Hakuna anayezuiwa kwa kamba Nukufala. Mtu huzuiwa na kile alichokula.

Jumanne mheshimiwa alibeba makuti. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na vijana juu ya paa walikuwa wakimwuliza kama kwao makuti hubebwa moja moja. Mchana akaandika kwenye daftari kwamba ameshiriki katika ujenzi wa jengo la umma la serikali yake. Bi Haldane, kivulini, akaandika kwamba mwakilishi wa Siku Tano anatumikishwa na wenyeji, kwa hiyo Siku Tano haina mamlaka hata juu ya mtu wake yenyewe. Nawaambieni, karatasi ziliisha kisiwani wiki ile.

Alasiri hiyo hiyo redio ya zahanati ikaita. Meli ya kukodi ilikuwa njiani kuwachukua wajumbe wawili, itafika Alhamisi asubuhi na kuondoka saa tisa mchana. Na ndani yake kulikuwa na abiria mmoja wa Nukufala, mwanamke, aitwaye Meleka.

Lepaio alikaa chini palepale kwenye ngazi za zahanati. Alikuwa amejitayarisha kwa subira ya mwaka wa pili, hakuwa amejitayarisha kwa Alhamisi.

Furaha yake ilidumu kwa muda wa kupumua mara mbili. Nahodha alikuwa na neno la ziada: kanuni za meli yake hazimruhusu kumshusha abiria bila karatasi iliyotiwa saini na mamlaka inayompokea. Mamlaka moja. Ikikosekana, abiria anarudi alikotoka.

Lepaio akakimbia kwa Bwana Tressider. Huyu alitia saini hata kabla hajaulizwa mara ya pili, na juu ya saini akaandika kwa herufi kubwa kwamba Meleka anapokewa na Siku Tano katika kisiwa chake cha Nukufala. Bi Haldane alipoiona karatasi akasema ikitumika tu, atamwekea nahodha pingamizi litakalomkosesha usingizi na leseni. Akatoa karatasi yake, safi, ya Siku Tisa. Bwana Tressider naye akasema ikitumika hiyo, pingamizi lake litakuwa refu zaidi.

Basi watie saini wote wawili kwenye karatasi moja, Lepaio akaomba. Wakamtazama kwa huruma. Kutia saini kando ya mwenzio, walimweleza, ni kukiri kwamba mwenzio ana mkono hapa.

"Ni mke wangu," alisema Lepaio. "Si bendera."

Wakakubaliana naye kabisa. Ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu watue, na halikumsaidia kitu.

Sasa, Lepaio si mtu wa hasira. Waita mafungu huchaguliwa kwa upole wao, maana mwenye hasira atamkatia mtu mkia badala ya mgongo. Lakini Jumatano asubuhi hasira ilimkaba, na kwa hasira hiyo akapata wazo, na wazo la mtu mwenye hasira mara zote huonekana zuri sana.

Alikwenda barazani, akawaomba wazee watoe amri: kuanzia mgawo wa kesho, yeyote aliyechukua fungu asivuke mlango wa mwamba kwenda kulala kwingine mpaka hao wanaodai kisiwa wapatane. Aliipiga hesabu hivi. Bwana Tressider ataitwa tena kesho. Akiliacha fungu, yuko huru kupanda meli, lakini Bi Haldane ataandika kwamba Siku Tano imekikana kisiwa mbele ya umma. Kwa hiyo ataliokota, hata kwa meno. Akishaliokota, amri itambana, meli itakaribia kumwacha, jasho litamtoka, na atakubali kutia saini kando ya ibilisi, sembuse kando ya Mama Kopo.

Wazee walipenda. Siku hizi hawapati burudani nyingi. Ni Mzee Salesio tu aliyeinua mkono.

"Baraza halitungi amri ya mtu mmoja," alisema. "Ikikaa, inakaa kwa wote, mkubwa kwa mdogo, na haiondoki kwa sababu fulani kalia. Umeelewa, mwanangu?"

Lepaio akasema ameelewa. Alielewa kama anavyoelewa mtu mwenye haraka.

Mchana Bi Haldane naye alifika barazani na barua ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza. Serikali yake, alisema, ilikuwa imelitazama upya suala la samaki. Anadai fungu sawasawa na la Siku Tano, si pungufu hata mkia. Mzee Salesio akaipokea kwa mikono miwili na kumwambia itasomwa Jumamosi, siku ambayo baraza husoma barua. Bi Haldane akauliza kama wanajua leo ni Jumatano tu. Wazee wakasema wanajua.

Alhamisi ikafika, na meli ikafika nayo, nyeupe, nje ya mwamba.

Mashua ilikwenda kumchukua Meleka ikarudi tupu. Wapiga makasia walisema wamemwona ukingoni mwa meli, amevaa gauni la buluu, amewapungia. Nahodha amekataa. Hana karatasi, hana mtu.

Lepaio alikuwa amechuchumaa akipanga mafungu. Bahari haikuwa na ukarimu siku ile, samaki walikuwa wachache, kila mtu atapata mmoja na kipande. Akaweka kisu chini. Halafu akapanga fungu moja zaidi, akalipapasa kulinyoosha, akawaambia wapiga makasia warudi kwa nahodha wakamwambie Meleka wa Nukufala anaitwa kuchukua samaki wake.

Nahodha, tunasimuliwa na waliokuwepo, aliuliza kama hiyo ni mamlaka. Wakamwambia hicho ni chakula. Akafunua kitabu chake cha kanuni mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa na kurasa nyingi juu ya kushusha abiria, na hakikuwa na hata mstari mmoja wa kumzuia abiria asiende kula. Mwenyewe alikuwa amechoka na watu hawa wote. Akaandika: ametoka kwenda kula, arudi kabla ya saa tisa. Akampa mkono kumsaidia kushuka ngazi.

Hivyo ndivyo Meleka alivyorejea kwao baada ya miezi kumi na moja, kwa ruhusa ya chakula cha mchana.

Alikuwa amekonda, na shingoni palikuwa na kovu jembamba lililopinda kama ukosi. Lepaio alimfuata majini mpaka kiunoni. Hawakukumbatiana, si desturi mbele ya wazee, lakini alimshika mkono na hakuuachia walipofika nchi kavu, na hakuna mzee aliyejifanya ameona. Alitaka kusema mambo hamsini. Akasema paa limetengenezwa.

"Nimeona," alisema Meleka. Kisha akashusha sauti. "Lepaio, usiniite."

Alidhani hakusikia vizuri.

"Fungu langu. Usiniite leo. Nimeahidi kurudi kwa daktari kila baada ya miezi mitatu. Ananipima damu, ananibadilishia dawa. Kilichobaki kooni bila dawa ile kitaota tena, na mara ya pili hakikatwi. Nilikuwa nije, nikae nawe, daktari akiniita niende, nirudi. Nilifurahi kama mjinga njia nzima. Sasa hawa wa mashua wananiambia kuna amri."

"Ni mpaka hao wawili wapatane."

"Hao?" Meleka aliwatazama Bwana Tressider na Bi Haldane, ambao kwa wakati ule walikuwa wakigombania kivuli cha mti mmoja. "Hao hawatapatana mimi nikiwa hai. Amri ya kijinga namna hii kaiomba nani?"

Lepaio alitazama kovu. Akatazama maji.

"Mimi," alisema. "Nilitaka kukuleta."

Nilitarajia Meleka angefoka, na hata ninyi mna haki ya kutarajia. Alicheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyekubali kwamba kweli huyu ndiye mwanamume aliyeolewa naye, kisha macho yakamjaa. Akamwambia kwamba nahodha amempa muda wa saa tatu, moja imekwisha majini. Akamwambia kwamba Siku Tano wamempa chumba karibu na hospitali, chumba kina dirisha linalotazama ukuta, na kila asubuhi amekuwa akiusalimia ukuta kwa jina la Lepaio.

Lepaio akakimbilia kwa Mzee Salesio. Aliomba amri iondolewe. Mzee akamjibu kwa upole kwamba baraza litakaa tena Jumamosi. Akaomba basi Meleka aachwe nje ya amri. Mzee akamkumbusha walichozungumza jana, naye Lepaio akajikumbuka akisema ameelewa, na akatamani kumshika yule Lepaio wa jana amzabe kofi.

Jua lilikuwa limesimama. Watu wamekaa. Samaki hawangoji mtu. Lepaio akachukua nafasi yake kwenye kichwa cha safu akaanza kuita.

Jina, mtu, samaki. Jina, mtu, samaki. Sauti yake ilikwenda sawa kwa sababu ilikuwa imezoea kwenda bila yeye. Mafungu yakapungua. Wale wabeba makuti, wakunaji nazi, wajane, mapacha wa kanisa la chini, kila mmoja akainuka na chake. Moshi wa majiko ya mwanzo ukaanza kusikika puani.

Alipoitwa Bwana Tressider, alisimama kando ya samaki wake kwa muda mrefu. Aliitazama meli. Aliitazama kalamu ya Bi Haldane, iliyokuwa tayari juu ya karatasi. Kisha akainama akachukua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetia saini hukumu yake mwenyewe. Vijana wa paa wakampigia makofi na kumkumbusha kwamba upande wa mashariki bado haujaezekwa.

Yakabaki mafungu mawili.

La kwanza lilikuwa la Meleka, lile alilolipapasa kulinyoosha. Meleka alikuwa amesimama pembeni ya wanawake, viatu mkononi, hamtazami. Alikuwa akitazama samaki, kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake.

Lepaio akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale, kwenye ulimi, lilikuwa limekaa pale miezi kumi na moja. Akiliita, ataliitika, maana mwanamke wa Nukufala hawezi kuitwa mbele ya kisiwa kizima akageuka. Atakaa. Atalala nyumbani leo, na kesho, na miezi mitatu mizuri itapita. Halafu koo.

"Ita, mwanangu," alisema Mzee Salesio.

"Bi Haldane," akaita Lepaio.

Uwanja mzima ukageuka. Mzee Salesio akakaza mkono kwenye fimbo yake. Barua ya mgeni haijasomwa, kila mtu alijua. Lakini jina likishatoka mdomoni mwa mwita mafungu halirudi, na hilo nalo kila mtu alijua.

Bi Haldane hakungoja kuitwa mara mbili. Alikuwa amelidai fungu lile tangu jana kwa niaba ya taifa zima. Bwana Tressider alikuwa ameshashika kalamu, akiomba kimoyomoyo akatae. Hakukataa. Aliinama, akamwokota samaki na kile kipande, akavinyanyua juu kidogo ili vionekane hata kutoka melini. Alipokuwa akinyooka ndipo alipokumbuka amri. Nilivyosimuliwa, rangi yake ilibadilika mara mbili.

"Nanyi mtakuwa wawili kwenye makuti," alisema Mzee Salesio. "Vizuri. Mtapata nafasi ya kuzungumza."

Watu wakaangua kicheko. Meleka hakucheka. Alikuwa ameliomba mwenyewe, lakini mama yake alizaliwa hapa, na mama wa mama yake, na leo mgawo umepita juu ya kichwa chake, ukaenda kwa Mama Kopo. Akamwinamishia Lepaio kichwa, kumshukuru. Machozi yalikuwa yakimteremka hadi kwenye kovu. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye mashua, maana njia ya kutokea mwambani ni ndefu na maji yalikuwa yameanza kupungua.

Likabaki fungu moja juu ya makuti.

Hilo ni la mwita mafungu mwenyewe. Huliita mwisho, baada ya wote kushiba kwa macho, na desturi inamtaka aliite kwa sauti, jina lake kamili, kana kwamba ni la mtu mwingine, kisha aitike na kuinama kama wenzake. Kwa miaka kumi na tisa amefanya hivyo, na kwa miaka kumi na tisa watu walikuwa tayari wamegeuka kwenda zao kabla hajamaliza, kwa kuwa hakuna mwenye haja ya kuona mwisho anaoujua.

Honi ya meli ililia mara moja. Wapiga makasia walikuwa wameshika makasia, Meleka ameshakaa, mgongo wake ukiwaelekea.

"Lepaio wa Nukufala," akaita Lepaio.

Hakuna aliyeitika.

Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Mzee Salesio akageuza kichwa polepole. Nzi wa kwanza akatua juu ya samaki, na mwita mafungu alikuwa amesimama wima, mikono imening'inia, akilitazama fungu lake bila kuinama.